Jumapili Nilizokuonea Wivu

Mjukuu wangu, mke mwenzangu,

Hivi hiyo miguu yako ni ya kukanyagia baiskeli tu, njia ya kurudi kwenu haiijui? Miezi kumi! Mtoto anatungwa tumboni, anazaliwa, anaanza kuichekea taa, na wewe bado hujatia mguu kwenye kizingiti hiki. Mwalimu wako wa mbio aliwahi kuniambia kwamba mashindano yenu mengi ni ya mzunguko, mnapoanzia ndipo mnapomalizia. Basi wewe ulianzia hapa kwangu, ukaishia wapi? Umepotea kona ipi, binti?

Haya, nimeshafoka, roho imetulia. Sasa salamu. U mzima? Ule mfupa wa mtulinga, hapo begani, umeunga sawasawa, au bado unauma kukiwa na baridi? Unakula? Usiniambie unakula halafu ikawa ni chai na mkate umesimama mlangoni. Wenzako unaokaa nao hawajambo? Nami sijambo, ila nyonga yangu ni ile ile, inajua mvua kabla ya mawingu. Babu yako, mume wetu, ni mzima wa mwili, anakohoa kidogo asubuhi. Lakini hatusemezani, leo siku ya nne. Sababu utaikuta mbele. Usiruke mistari kwenda kuitafuta, nakujua wewe, hata mkeka ukipewa unatazama kwanza ulipofungwa uzi.

Mwandiko huu si wa babu yako, utakuwa umeshauona. Anayeniandikia ni Bi Karani, jirani yetu wa ukuta mmoja, yule aliyestaafu ofisi ya maji. Mimi shule niliiona kwa nje nikipita na ndoo, na barua zangu zote za maisha yangu ameziandika babu yako. Hii hawezi, na hata angeweza amekataa. Bi Karani ana tabia ya kunisahihisha. Ameshanishauri mara mbili nianze kwa upole. Nimemwambia kalamu ni yake, mdomo ni wangu, na yale magauni yake manne yenye mikunjo hayajaipata pasi bado.

Utasema mbona nisipige simu. Kwenye simu ningelia, na wewe ukisikia nalia ungenihurumia kabla hujajua nililofanya. Sitaki huruma ya kuiba. Karatasi hailii. Isome hadi mwisho, halafu ndiyo uamue kama bado una bibi.

Sasa nisikilize. Tangu ulipokuwa unajifunza kutembea nakuita mke mwenzangu, na babu yako namwita mume wetu. Utani wa bibi na mjukuu, kila mtu anaujua, kila mtu anacheka. Nilikuwa nikikuambia nitakuachia mume huyu akiisha meno, nawe unajibu kwamba humtaki, anakoroma. Basi ninachotaka ukijue leo ni kwamba upande wangu utani ule ulifika mahali ukaacha kuwa utani. Wala sikukuambia. Wala sikujiambia.

Ulipokuja kuishi kwetu, ili ufanye mazoezi kwenye vilima vyetu, hakuna aliyefurahi kunipita. Siku za katikati ya wiki sikuwa na ugomvi na mtu. Alfajiri ulitoka na ile baiskeli yako ya mbio, nyembamba kama mwiba wa samaki, ukarudi umelowa, ukala, ukalala. Babu yako alikuwa karakanani kwake hapo uani na magurudumu yake, mimi mezani kwangu na pasi na nguo za watu. Kila mtu na lake, tukikutana kwenye chakula.

Kilichonichoma ni Jumamosi na Jumapili. Yule mwalimu wako alikuja akasema kwamba misuli ni kama punda, ukiichapa siku saba italala njiani na mzigo wako. Kwa hiyo mwisho wa wiki usiiguse ile ya mbio. Upande baiskeli nzito ya kizamani, uende polepole, mwendo wa mtu anayekwenda kumtazama mgonjwa aliyekwisha kupona. Babu yako akauliza kama mzee naye anaweza kuwa sehemu ya mazoezi hayo. Mwalimu akacheka, akasema mzee ndiyo breki yenyewe.

Wiki ile babu yako hakulala sawasawa. Akaokota fremu moja iliyokuwa imetupwa nyuma ya karakana tangu mama yako hajaolewa, akatafuta magurudumu ya muuza maziwa, akatafuta tandiko la ngozi lenye springi, akapiga rangi ya kijani. Ilipokauka akaiita Bibi Harusi. Mimi nimesimama pale na kapu la nguo kichwani nikimsikia. Mimi niliitwa bibi harusi siku moja tu, mjukuu wangu, na jioni ya siku hiyo hiyo nilikuwa nimeshakuwa wa kuulizwa chumvi iko wapi.

Basi mkawa mnatoka. Yeye juu ya lile dude lake jeusi la miaka yote, wewe juu ya Bibi Harusi, mnapiga kengele pale kwenye kona ya kiwanda cha matofali, mnapotea. Mnakwenda mpaka bwawani, mnakunywa chai kwenye kile kibanda karibu na nyumba ya pampu, mnarudi jua limeanza kulegea. Mkirudi mnanukia vumbi na upepo, na mnacheka. Nikiuliza mnacheka nini, mnatazamana, halafu unaniambia, “Ah, Bibi, ungekuwepo!” Kila wiki ungekuwepo. Nikawa katika nyumba yangu mwenyewe ni mtu wa ungekuwepo.

Na keria akaifungua. Ile keria ya nyuma ya baiskeli yake. Alisema inapiga kelele njiani, inamwongezea uzito, wewe unamwacha kwenye mwinuko. Akaifungua kwa spana mbele yangu, akaitundika msumarini kama sufuria. Wewe hukujua ile keria ni nini. Kabla hatujapata mtoto, kabla hatujapata hata kitanda cha miguu minne, kila Jumapili nikimaliza pasi alinipakia pale ubavu, tukaenda bwawani hapo hapo. Miaka arobaini na kitu. Mgongo wa yule mtu naujua kuliko uso wake. Naujua ukiwa na njaa, naujua ukiwa na hasira na mimi, naujua ukiwa unaficha jambo. Mambo yetu makubwa yote tuliyazungumza hivyo, yeye akitazama mbele, mimi nikitazama pembeni.

Kuna jioni moja ulikuwa unanisaidia kuosha vyombo. Ukanisimulia, huku unacheka, jinsi babu yako alivyowahi kushindana mbio za baiskeli alipokuwa kijana, akawa wa mwisho, akafika wakati kamba ya mwisho imeshakunjwa na watu wamekwenda kwao, akajificha nyuma ya lori akalia. Ukasema alikusimulia njiani, mkienda polepole. Nilikuambia kwamba naikumbuka hadithi hiyo, ni ya zamani sana. Nilidanganya. Nimelala kitanda kimoja na mtu huyu miaka arobaini na saba, na sijawahi kusikia kwamba alishindana mbio, sembuse kwamba alilia. Ile sahani niliyokuwa nayo mkononi niliisugua mpaka ukaniuliza imefanya nini.

Huo ndio ulikuwa wivu wangu. Watu hudhani wivu wa kikongwe ni wa kuchekesha, eti meno yenyewe mawili utamng'ata nani. Wivu hauna meno, mwanangu, una ulimi wa kulamba tu. Unalamba kidogo kidogo mpaka unakuta mfupa. Nikaanza kuhesabu vikombe vya chai mlivyokunywa bila mimi. Nikaanza kupiga pasi nguo zako mwisho. Ile fulana yako ya mazoezi iliyopata alama ya kuungua begani, ukaambiwa ni bahati mbaya, haikuwa bahati mbaya. Hilo dogo. Kubwa linakuja.

Unaijua sheria ya karakana ya babu yako. Baiskeli ambayo hajaimaliza huifunga kitambaa kwenye usukani. Akiitwa, akienda kula, akilala, kitambaa kinabaki pale kinasema: huyu bado. Akishakaza nati ya mwisho hukifungua kwa mkono wake mwenyewe. Hakuna mtu mwingine anayekigusa, hata mwenye baiskeli, hata mimi ninapofagia. Alianza hivyo tangu ujana, na kadiri umri ulivyokwenda ndivyo alivyokitegemea. Alikuwa akisema kwamba kichwa cha fundi kinaweza kusahau, kitambaa hakisahau.

Ile Jumamosi kabla ya mashindano ya kuchagua timu, wewe ulilala mchana kutwa kama ulivyoagizwa. Babu yako alikuwa ameniahidi kwamba kwa kuwa siku hiyo hamtoki, tutakula pamoja, mimi na yeye, tukae. Nikapika, nikaandaa. Nikangoja. Yeye yuko karakanani na baiskeli yako ya mbio, anaisikiliza kama daktari. Chakula kikapoa. Nikakifunika. Baadaye nikasikia mpeleka mikate anamwita kutoka njia panda, mnyororo umemkatikia na mikate itachelewa, babu yako akachukua begi lake la spana akatoka.

Nikaingia karakanani, sijui kufanya nini. Labda kumtafuta mtu wa kumgombeza nisimkute. Baiskeli yako ilikuwa imening'inizwa katikati, gurudumu la nyuma limelegezwa, na kwenye usukani kitambaa kimefungwa. Nikakisogelea kile kitambaa. Kilikuwa na maua ya njano. Lilikuwa gauni langu. Gauni nililovaa siku ya kwanza aliyonipakia kwenye keria, nikaogopa lisije likaingia kwenye spoku za gurudumu, akanifundisha kulikusanya mapajani. Limechakaa, kweli. Kwapa zote zimekwisha, kweli. Lakini lilikuwa limekunjwa chini kabisa ya sanduku, na mtu mwenye macho anajua kwamba kilicho chini ya sanduku si tambara. Yeye alitafuta tambara, akalikuta, akalichana pindo.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema waliotutangulia. Mimi ni mfuaji, nilipaswa kuyajua hayo zaidi ya wote. Nikakifungua. Nikasema kwa sauti, peke yangu, kwamba nguo yangu haitafungwa kwenye baiskeli ya mtu. Nikakipeleka kwenye beseni, nikakiloweka, nikakisugua kutoa grisi.

Babu yako akarudi amechoka, mikono myeusi. Akatazama usukani, mtupu. Nilimwona kupitia dirishani. Alisimama kidogo, akajikuna shingo, kama mtu anayejiuliza kama amekula. Halafu akaamini sheria yake mwenyewe. Akaipangusa baiskeli, akaiteremsha, akaiegemeza ukutani. Zile nati za nyuma alikuwa amezibana kwa vidole tu.

Hapa Bi Karani ameweka kalamu chini, ananitazama. Nimemwambia aichukue, hatujafika.

Kama ningeishia hapo ningekuambia ni hasira za mwanamke, nilifikiria nguo sikufikiria gurudumu. Na ni kweli, mchana ule nilifikiria nguo. Lakini kesho yake asubuhi nilikuwa bombani najaza ndoo, ukapita na baiskeli yako unaisukuma, umevaa kofia yako ngumu, ukaniambia nikuombee. Na nilijua. Nisikudanganye, nilijua. Mke wa fundi wa miaka arobaini na saba anajua kitambaa maana yake nini. Neno lilinipanda mpaka kwenye meno. Neno lenyewe fupi, nati. Nikalimeza. Nikakuambia nenda salama.

Na nilipolimeza nilijiambia nini? Sikutaka uumie, naapa kwa uhai wa mama yako. Nilijiambia gurudumu litakwaruza kidogo, utaachwa nyuma, utachoka na mbio zenyewe, utarudi kwa mama yako, na Jumapili zangu nitarudishiwa. Hiyo ndiyo ilikuwa hesabu yangu ya bombani. Ndoo ikajaa ikamwagika miguuni mwangu, nami nimesimama tu.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Wewe ndiye uliyeanguka pale kwenye mteremko wa kinu, gurudumu likatoka mahali pake, wewe ukaishia juu ya mtulinga wako. Timu ikachaguliwa ukiwa umefungwa mkono shingoni. Na siku ile uliporudi nyumbani ukakaa sebuleni, ukamwambia babu yako, bila hata kupaza sauti, kwamba kama macho yake yamechoka angesema tu, ungetafuta fundi mwingine. Yeye akakujibu kwamba ni kweli, alisahau. Mimi nilikuwa mlangoni na sinia la chai. Nikawamiminia wote wawili.

Ukaondoka. Na mimi, mjukuu wangu, nilichokitaka nikakipata.

Babu yako alifunga karakana wiki ile ile. Spana zake akazitia kwenye gunia, gunia akalisukuma chini ya kitanda. Wateja akawaambia macho yamekwisha. Jumamosi yupo. Jumapili yupo. Kutwa nzima ameketi kwenye kiti kile cha kamba, mikono juu ya magoti, safi, mikono ambayo sijawahi kuiona safi tangu nimjue. Nikimwandalia chakula anakula. Nikimsemesha anaitika. Nilikuwa na mume mzima Jumapili nzima, na nyumbani hamna mtu.

Halafu akaanza kujikagua. Akifunga mlango anarudi kuutikisa mara tatu. Akitoka kwenda dukani anageuka njiani kuja kuangalia kama amefunga bomba. Asubuhi moja akaja kusimama mbele yangu, akaniomba nimtazamie kama vifungo vya shati amevifunga sawa. Mtu aliyekuwa akinyoosha gurudumu kwa kusikiliza tu! Nikamtazamia, vilikuwa sawa, nikamwambia viko sawa, na bado sikusema. Unaona jinsi mtu anavyoweza kuwa? Kila siku nilisema kesho, na kila kesho ilikuwa ngumu kuliko jana, kwa sababu sasa nilipaswa kueleza na zile siku za katikati.

Kilichonivunja ni upepo. Ijumaa iliyopita yule mpeleka mikate alisimama mlangoni kwetu, tairi la mbele limelala. Hakutaka fundi, alitaka pampu, upepo tu. Babu yako akasimama, akaenda mpaka mlangoni, akalitazama lile tairi kwa muda mrefu. Kisha akamwambia kijana wa watu kwamba aende kwa mwingine, kwa sababu yeye anaweza kusahau kufunga valvu akamsababishia ajali. Akarudi kukaa. Mpeleka mikate akanitazama mimi, nami nikatazama chini. Wamesema mficha uchi hazai. Mimi nilikuwa nimeshazaa, lakini nilikuwa namuua niliyeolewa naye.

Nikazima pasi, nikakaa sakafuni mbele yake ili asinipe kiti, nikamwambia yote. Kitambaa, beseni, bomba, sinia.

Nilidhani atapiga kelele. Kwanza alitaka nirudie. Akauliza kama nina hakika kitambaa kilikuwepo, kimefungwa, fundo lake liko upande gani. Nikamwambia kilikuwepo, upande wa kulia. Akaitazama mikono yake, akasema taratibu, “Kwa hiyo sikusahau.” Nakuambia uso wake ulifunguka kama dirisha. Kwa muda wa kumeza mate mawili alikuwa kijana. Alifurahi, mjukuu wangu, alifurahi kabla hajakasirika, na furaha ile ndiyo iliyonichapa kuliko fimbo. Maana nilijua ningeweza kumpa siku yoyote katika miezi kumi, bure.

Kisha hasira ikafika. Hakupaza sauti. Aliniambia kwamba lile la gauni angelisamehe hata leo, kwa sababu naye ana kosa, alichana bila kuuliza. Hata la bombani labda angeliweza siku moja. Lakini nilimwacha azeeke kwa kosa langu, na miezi ile nani atamrudishia? Akavuta gunia kutoka chini ya kitanda akaenda karakanani. Ndipo analala mpaka sasa, na chakula changu anakirudisha kikiwa kimefunikwa. Anakula mikate. Nikamuuliza kupitia mlangoni kama atakuandikia. Akasema mdomo ulionyamaza ndio utakaosema, yeye si mwandishi wangu tena.

Basi nimesema. Wewe ulimhukumu babu yako, na aliyekuangusha ni mimi. Sikuombi unisamehe kwa barua, msamaha wa barua ni kama kusalimiana kwa ukuta. Lakini usidhani kosa langu limekuosha na wewe. Lile neno la macho yake ulilitamka wewe, hukusubiri hata maumivu yapoe, na miezi kumi hukurudi kulifuta. Umerithi mdomo wangu na ukaidi wake, sijui haya ulimwachia nani. Yangu ni mazito, nayabeba. Lako jepesi, lakini ni lako.

Na jambo moja ulijue, kwa kuwa leo ni siku ya kweli. Kile kiti cha nyuma hukunipokonya wewe. Nyonga yangu ndiyo iliyoshindwa, miaka miwili kabla hujaja. Nilishaacha kupanda. Babu yako alikuwa akitoka peke yake hadi kona tu na kurudi, kwa sababu alisema bwawani bila mtu hakuna maana. Ukaja wewe, akapata mtu. Ningekuwa mwanamke mwema ningeshukuru. Nilikuwa mwanamke wa kawaida.

Mambo mengine ni haya. Karakana imefunguliwa siku nne hizi, na tangu asubuhi nasikia nyundo. Watu wamesikia, wanamletea. Meza yangu ya pasi imepata mguu mpya. Mama yako anakusalimu, naye bado hajui, nitamwambia mwenyewe. Msalimie mwalimu wako. Wasalimie wenzako. Bi Karani anakusalimu pia, anafuta macho kwa mkono wa gauni ambalo nitalifua mimi. Sasa hivi babu yako anapiga mluzi huko uani, wimbo nisioujua. Labda anaujua mtu aliyekwenda naye bwawani. Unaona? Bado unanilamba, huo wivu. Nadhani nitazikwa nao. Lakini sasa nikiusikia unapanda nitausema, utoke nje watu wauone.

Sahihi yangu unaijua, ni dole gumba hapo chini, nimelichovya sana limevuja.

Mimi bibi yako, mke mwenzako mwenye kosa.

Bi Karani alishaanza kulamba bahasha, nimemrudisha. Siku utakayokuja, na uje Jumamosi, usipitie mlango wa mbele kama mgeni, na usinitafute jikoni. Nenda moja kwa moja karakanani na hiyo baiskeli yako ya mbio, iwe na ubovu au isiwe nao, mwombe babu yako aikague. Akimaliza usiguse nati hata moja kuhakikisha. Panda mbele ya macho yake, uende kasi yako yote mpaka usionekane, urudi. Kisha kaa naye kadiri apendavyo. Mimi nitawasikia nilipo, na nitanyamaza unyamavu wa adabu safari hii. Usije kunisalimia mpaka yeye mwenyewe aniite.